Mengineyo

Nimeandika kwa mwandiko ulionyooka:
kikao kilifunguliwa saa nne na robo asubuhi,
halmashauri tatu, ukumbi mmoja wa Muheza,
feni moja, nayo imeelekea kwa watu wa Jiji.
Waliohudhuria, thelathini na mmoja. Wenye udhuru, wanne.

Sikuandika chupa mbili za Mhandisi Shemweta:
maji ya Zigi ya Oktoba na maji ya Zigi ya Aprili.
Aliziweka mezani, akakaa, akafuta miwani.
Ile ya Aprili ilikuwa na mlima ndani yake,
udongo wa Amani umetua chini kama masimbi ya kahawa.

"Mlima ni wetu," akasema Singano wa Muheza,
"bomba ni lenu, na bili mnakusanya nyinyi.
Mkulima wangu wa iliki anaambiwa asiguse mti
ili nyinyi muoge mara mbili.
Analipwa nini? Pongezi?"
Ukumbi ukacheka, na aliyecheka zaidi
ni mkurugenzi aliyekuwa akitafuta pa kuweka macho.
Nikaandika: Mjumbe aliomba ufafanuzi.

Likaja la mikoko.
Kati ya Jiji na Mkinga kuna mkono wa bahari,
na kando yake palikuwa na bikoni ya mpaka.
Miaka minne barua zimepigwa danadana:
eneo tajwa liko upande wenu,
rejea barua yetu, rejea barua yenu,
na huku shoka halina kumbukumbu namba,
linakata mkandaa, linakata mchu,
wala tanuri la chokaa halijauliza kuni zimetoka wilaya gani.

Wakapelekwa wapimaji wawili, mmoja kila upande.
Maji yalipokupwa hawakuiona bikoni.
Walidunga fimbo topeni, wakadunga tena.
Bahari ilishapita hapo bila kugonga mhuri.
Akasimama Diwani Mwatime wa Mkinga,
ambaye siku hizi maji ya kisima chake
yanapika wali bila kuongezwa chumvi:
"Mpaka mnaougombea umehamia kwa pweza.
Nendeni mkamdai yeye ushuru."

Hapo hakuna aliyecheka.
Jiji likatoa dizeli. Muheza, lori,
na Singano akapata sentensi yake:
senti kidogo ya kila yuniti ya maji irudi mlimani,
"ijadiliwe."
Neno hilo moja limemtoa jasho shati zima.
Mkinga haina fungu; ikatoa miche
na wanawake wanaolijua tope.

Wakati wa mihuri, wino wa Muheza umekauka,
wa Jiji umebaki Tanga kwa mhasibu aliye likizo.
Mihuri mitatu ikanywa kidau kimoja cha Mkinga,
nacho kimezimuliwa kwa maji ya ile chupa ya Oktoba.
Hata hilo sikuandika.

Jumamosi tukapanda. Tope mpaka magotini,
mkurugenzi akapoteza kiatu cha kushoto,
akakitafuta, akaacha kukitafuta.
Miche elfu moja mia moja na arobaini.
Mwezi wa sita nilirudi na daftari kuhesabu:
hai, mia sita na mitatu.
Mingine imeliwa na kaa, mingine imezolewa tu.
Sijui kama hiyo ni mingi au ni michache.
Kwenye fomu hakuna pa kuandika sijui.

Na pale wapimaji walipodungadunga fimbo
mche mmoja umeshika, una majani manne.
Nikampigia Singano: huu niuandike kwa nani?
Alinyamaza, nikasikia mvua kwenye bati lake huko juu.
"Acha wazi," akasema.

Nimeacha wazi.
Mkaguzi wa hesabu amepita,
ameweka hapo alama ya kuuliza, kwa kalamu nyekundu.